Ng'ombe Kumi na Wanne Ndani ya Kompyuta

Alhamisi, 5 Januari 1978

Leo nimekuwa mtu wa kisasa. Asubuhi nilikuwa Oluka wa kawaida, wakala wa mpakani Malaba, natafutia madereva kamba na turubai. Kufika adhuhuri nina kompyuta! Ndogo, inaingia mfuko wa shati. Nimeipata kwa dereva wa Mombasa ambaye lori lake limekwama kwenye foleni ya kuvuka. Nimempa koti langu la mvua na jogoo. Koti lina tundu. Jogoo ni wa baba mdogo Etyang, lakini yule jogoo anawika mchana na analala alfajiri. Nimemwondolea baba mdogo aibu.

Dereva alinifundisha. Unaandika namba, unabonyeza M yenye alama ya kujumlisha, mashine inaimeza. Unafuta kioo. Unafanya hesabu nyingine, ya magunia, ya chochote. Ukitaka ile ya kwanza unabonyeza MR, inakurudishia vilevile. Niliijaribu kwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Tukaongea mpira, tukaongea bei za matairi, nikabonyeza. 1949! Mama yangu mwenyewe hana hakika na mwaka huo. Dereva alinionya nisiizime kabla ya kumaliza kazi, na kwamba inapenda betri nzuri. Akaongeza maneno mengine. Nilikuwa nimemshika jogoo, sikusikia yote, lakini nimeelewa.

Sasa sababu. Jumamosi tunakwenda Amukura kwa Mzee Emojong kukata mahari ya Anyait. Anyait anashona sare za shule kwa cherehani hapa sokoni. Ana mwanya, na akicheka nasahau nilikuwa naelekea wapi. Lakini yuko mwalimu mmoja wa Funyula, amefiwa na mke, ana pikipiki, na ametuma ujumbe kwa Mzee kwamba naye ana ng'ombe. Lazima Mzee aone kwamba mimi si mtu wa kamba na turubai tu.

Na kuna jambo lingine. Kwetu, kila ng'ombe akikubaliwa, kijiti kinawekwa chini. Vijiti vinafungwa pamoja, na siku ya kupeleka mifugo vinahesabiwa. Kijiti hakipungui. Kompyuta ina M nyingine, yenye alama ya kutoa. Sisemi zaidi. Karatasi ina masikio.

Ijumaa, 6 Januari

Nilidandia lori hadi Busia kumwonyesha Muzafaru. Ana duka la redio na betri karibu na msikiti. Ni rafiki yangu tangu darasa la tatu, na tangu darasa la tatu hajawahi kukosea. Tabia mbaya sana hiyo. Nilitaka aone wivu.

Hakuona wivu. Aliigeuza, akasoma mgongoni, akasema hii si kompyuta, ni mashine ya hesabu tu. Ndugu yake Ali anafanya kazi Nairobi kwenye ofisi yenye kompyuta yenyewe, kubwa kama chumba cha wageni, na ukitaka kuingia unavua viatu. Kumbukumbu yake, eti, ni vijipete vyeusi vya chuma, vidogo kuliko punje ya wimbi, maelfu kwa maelfu, vimetungwa kwenye waya. Wanawake ndio huvitunga kwa mkono huko vinakotengenezwa.

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kompyuta ya shanga! Nikamwambia amsalimie Ali, amwambie huku kwetu shanga tumewaachia mabibi viunoni, sisi tuna vitufe. Muzafaru akasema haya, boss. Anaposema boss ujue amekasirika. Nilirudi Malaba kwa furaha kubwa.

Jumamosi, 7 Januari

Ushindi!

Kwa desturi bwana harusi siku hii ni kama kiti: anakaa. Akifungua mdomo mbele ya wakwe, faini. Lakini baba mdogo Etyang, ambaye ndiye msemaji wetu kwa kuwa baba yangu ni marehemu, alinitambulisha kama fundi wa mashine. Fundi anaruhusiwa kubonyeza. Baba mdogo alikubali kwa shingo upande, maana tangu jana anauliza jogoo yuko wapi na mimi namjibu ameonekana upande wa stesheni.

Wazee walikaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Nikaitoa kompyuta. Mzee Emojong akataka kuijaribu. Akanitajia idadi ya watoto wake, akazungumza kwa kirefu kuhusu mvua ya mwaka wa njaa, kisha ghafla akanyoosha kidole: sasa! Nikabonyeza. Tisa! Akapiga paja. Alisema, "Hii kitu iko na akili kushinda hao tisa yote." Nilimpenda mzee huyu kama baba.

Wakaanza ishirini. Baba mdogo akakohoa, wakashuka. Akakohoa tena. Ana kikohozi kizuri sana, kimewaozesha vijana wengi wa ukoo wetu. Tukafika kumi na wanne, na mkono ukapeanwa. Nikaandika moja, nne, nikabonyeza M ya kujumlisha mbele ya macho yote. Mzee aliuliza kama mashine inaweza kudanganya. Nilitikisa kichwa kwa nguvu. Mashine haidanganyi!

Vijiti vilikuwa bado mkononi mwa baba mdogo. Mzee mwenyewe akasema mambo ya vijiti ni ya zamani. Mama Alaso, mama yake Anyait, alikuwa anatafuta kuni za kuongeza moto, maana ajono bila maji moto ni uji. Akavichukua. Vilikuwa vikavu vizuri, maji yakachemka upesi.

Anyait sikumwona siku nzima. Alikuwa jikoni, ana kazi mkononi, nilisikia tu akikohoa kila baba mdogo alipokohoa. Ananidhihaki. Nampenda.

Jumapili, 8 Januari

Jana jioni, mlango nimefunga, niliandika 2 nikabonyeza M ya kutoa. Kisha MR. Kumi na mbili! Ng'ombe wawili wamerudi zizini bila kupiga hatua. Roho ilinisuta kidogo. Nikaiambia roho kwamba Mzee hatawakosa, kwa sababu hajawahi kuwaona.

Leo jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba nilituma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio, salamu za Anyait, na kila Jumapili nasikiliza. Leo saa ya kipindi redio ikakoroma, ikanyamaza. Betri! Maduka yamefungwa, watu wako kanisani au wamelala. Nikatazama kompyuta. Inatumia betri zilezile ndogo. Nikaiambia samahani, nikazitoa, nikazitia kwenye redio.

Na kweli! Leo! Mtangazaji alisema Oluga wa Malava, lakini ni mimi. Anamsalimu Anyait wa cherehani, popote alipo, na kumwambia kwamba... Hapo sauti ikaanza kwenda mbali, kana kwamba mtangazaji amepanda basi. Nilitega sikio hadi ikazimika. Haidhuru. Jina lake limepita hewani Kenya nzima, na nadhani hata Tororo wamelisikia. Niliruka chumbani peke yangu.

Kompyuta nimeifunika na leso. Ng'ombe wangu kumi na wawili wamelala humo ndani.

Jumatatu, 9 Januari

Betri ikichoka unaianika juani, hilo hata mtoto anajua. Nilizipanga juu ya mabati tangu asubuhi. Jua la Januari, mabati yanalia yenyewe! Baba mdogo alipita, akaniuliza napanga nini juu ya nyumba. Nikasema namtafuta jogoo. Akafurahi kuona bidii yangu.

Jioni nikazirudisha. Kompyuta ikaamka. Kioo kikaonyesha 0. Moyo ulinipasuka, kisha nikakumbuka kwamba kila ikiwashwa huanza na sifuri. Ndiyo hodi yake. Namba iko ndani, inangoja kuitwa. Sikubonyeza MR. Kwa nini nimalize nguvu ya jua la siku nzima kuuliza kitu ninachokijua?

Jumatano, 11 Januari

Muzafaru alikuja Malaba kuleta redio ya mteja. Nikamhadithia ushindi wa Jumamosi, pamoja na ujanja wa betri. Ule wa ng'ombe wawili sikumwambia, ana dini sana. Alipofika mahali pa kuanika betri akaweka soda chini.

Akasema namba imekwenda. Imekwenda wapi, nikauliza. Akasema haikwenda mahali, haipo tu. Kisha akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wateja wanaorudisha redio. Kuna kumbukumbu za aina mbili. Moja inaishi kwa stima, yaani umeme wa betri: stima ikiwepo inashika, stima ikikatika hata kidogo inaachia, na hata ukiirudishia stima hairudi. Ndiyo ya mashine yangu. Nyingine ni kama ile ya pete za Ali: kila pete ikishaelekezwa upande mmoja inabaki hivyohivyo. Nairobi nzima ikikosa stima, kesho yake wanawasha na kukuta kila kitu mahali pake. "Yako ni ya kushika na mkono, Oluka. Ukilala, mkono inafunguka. Ile ingine ni ya kufunga fundo."

Alisema vizuri, nakubali. Hata nikaogopa. Kisha nikafikiri. Muzafaru anauza nini? Betri! Lazima aseme kwamba mashine haiwezi kuachwa bila betri. Muulize muuza maji kama una kiu. Nikamwambia hivyo usoni, naye akasema haya, boss, akaondoka bila kumaliza soda. Nikaimaliza mimi.

Usiku huu nimeweka kidole juu ya MR. Nikakiondoa. Kuikagua ni kuitilia shaka. Namwamini Anyait bila kumkagua, nitashindwaje kuiamini mashine?

Jumamosi, 14 Januari

Sijui niandikeje.

Tulikwenda kuthibitisha idadi na kupanga siku ya kupeleka mifugo. Wazee walewale, chungu kilekile. Mzee Emojong alikuwa amewaita na majirani waone mashine ya mkwewe. Walijaa hadi mlangoni. Akanikaribisha kwa mkono: iite namba.

Nikabonyeza MR.

0.

Nikabonyeza tena. 0. Nikaitikisa. Nikaiweka kwapani ipate joto. Nikaigeuza nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mzee aliichukua mkononi mwangu, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Uso wake ulibadilika taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza, maana nilikuwa nimezoea kuuona ukicheka. Akauliza, "Binti yangu ni sifuri?" Akasema tena, "Wiki jana umeniambia hii mashine haina uwongo." Kutoka jikoni sauti ya mama Alaso ikauliza kama hata kuku hayumo.

Baba mdogo alijaribu kuokoa. Akasema kila mtu anakumbuka, tulikubaliana kumi na... nadhani kumi. Kumi! Ndugu ya Mzee akaruka, akasema kumi na wanane. Jirani mmoja ambaye wiki iliyopita hakuwepo akasema alisikia kumi na sita na dume. Kila mtu alikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na mwenye kuiapia. Mimi kwa desturi sisemi. Nilikaa na ulimi wangu kama kiti.

Mzee akasimama. Alisema hawezi kumtoa mtoto wake kwa watu ambao hawajui wanamtolea nini. Anatupa hadi Jumamosi ijayo tuje na namba yenye ushahidi. Bila hivyo, Jumapili yake mwalimu wa Funyula amealikwa chai. Na tusije na kile kidude.

Jumatatu, 16 Januari

Jana sikwenda misa. Anyait angekuwepo, na ningemtazama na nini? Macho haya?

Hapa sokoni cherehani yake imefunikwa na kitambaa. Amebaki nyumbani. Nilikaa kwenye benchi lake kidogo. Kulikuwa na vipande vya uzi wa bluu chini, nikaviokota, sijui kwa nini. Kumpoteza Anyait kwa kuwa maskini ningeelewa. Kumpoteza kwa kipindi cha salamu, hapana.

Baba mdogo hajaniongelesha tangu juzi. Leo aliongea. Alisema kuna mtu wa kuaminika amesikia jogoo akiwika mchana kweupe ndani ya lori, karibu na Tororo. Akanitazama. Nikasema dunia ina majogoo wengi.

Alhamisi, 19 Januari

Nimefanya uchunguzi. Kosa si kutoa betri. Kosa ni jua! Betri zilirudi na moto mwingi mno, namba ikayeyuka. Zingeanikwa kivulini, ng'ombe wangekuwepo hadi leo. Muzafaru hajui hili, na sitamwambia.

Mpango: niiandikie upya kumi na mbili, niende nayo Jumamosi, niseme ilikuwa imezimia na sasa imezinduka. Nilimweleza baba mdogo. Alichukua ufunguo, akaifungia kompyuta kwenye sanduku lake la chuma, akakalia sanduku. Mtu mgumu kufanya naye kazi.

Jumamosi, 21 Januari

Niandike haraka kabla hasira haijapoa. Hasira ya watu wengine, juu yangu.

Tulifika mikono mitupu. Ubishi ukaanza pale ulipoishia. Kumi. Kumi na nane. Dume lipo, dume halipo. Baba mdogo alikohoa hadi machozi, hakuna aliyeshuka. Mzee alikuwa anatazama njia, na mimi nikasikia masikioni pikipiki ambayo haijafika.

Hapo Anyait akaingia na jagi la maziwa. Akapiga magoti, akaliweka mbele ya baba yake. Jagi lilikuwa limefunikwa na kitambaa kipya, ile nyavu ya kufuma yenye shanga pembeni ili isipeperuke. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki ile ya kwanza alikuwa jikoni anakifuma, na sauti zote zilikuwa zinafika. Baba mdogo alipomaliza kukohoa na mkono kupeanwa, alitunga shanga za bluu, moja kwa kila ng'ombe, awe na kumbukumbu ya siku yake. Baba akitaka, ahesabu.

Mzee alihesabu kwa ncha ya kidole, akizunguka jagi. Kumi na moja. Akazunguka tena. Kumi na moja. Ndugu yake akafungua mdomo. Mzee akamwuliza kama alitaka kusema mtoto huyu ameketi na sindano yake akijidanganya mwenyewe. Mama Alaso alikuwa amesimama mlangoni, anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza amevipata. Mzee akashusha pumzi. Akasema basi, shanga ni shanga, haziyeyuki. Kumi na moja. Nilimwona baba mdogo akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jogoo apotee.

Yaani kila kitu kilikuwa kimekwisha! Kilichobaki ni kunywa maziwa!

Lakini mimi nilikuwa namfikiria Muzafaru. Nilimwona kabisa, nyuma ya kaunta yake, akisikia habari hii: kompyuta ya Oluka imeshindwa na shanga kwenye uzi. Angecheka hadi Pasaka. Angemwandikia Ali. Na tena shanga zenyewe zimekosea! Nilibonyeza mimi, kwa kidole hiki. Haki ya kompyuta ikanipanda kichwani, nikasimama. Nikasema, mbele ya wazee wote, samahani mzee, hata hizo shanga zimesahau. Si kumi na moja. Ni kumi na wanne. Moja, nne. Naapa.

Nilitazama huku na huku nikitarajia watu waseme, kumbe mashine ilikuwa sahihi.

Baba mdogo alifumba macho. Mama Alaso akasema "Woi!" akarudi jikoni. Mzee Emojong alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, akapangusa machozi kwa mkono. Alisema hajawahi kuona bwana harusi anayejiongezea mahari. Mtu kama huyo hawezi kumwibia binti yake hata chumvi. Kumi na wanne, basi! Na mbuzi mmoja, faini, kwa kusema mbele ya wakwe.

Anyait alikuwa bado amepiga magoti. Alininyooshea jicho moja. Nililielewa hilo jicho nilipofika nusu ya njia ya nyumbani, na nikalazimika kukaa chini kando ya barabara.

Jumapili, 22 Januari

Baada ya misa alinisubiri nyuma ya kanisa. Nilimkaribia kwa ubavu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mwenye ndama.

Hakupiga kelele. Ingekuwa heri. Alinieleza kwamba shanga zilikuwa kumi na nne. Alhamisi usiku yeye na mama yake walikaa na taa, wakafumua uzi, wakatoa tatu, wakafuma upya. Mama yake! Mama Alaso, ambaye hajawahi kunijibu salamu kwa zaidi ya neno moja! Anyait alisema, "Nimekupunguzia ng'ombe tatu na sindano, wewe umezirudisha na mdomo." Nikasema sikujua. Akasema ndiyo maana wanaume hukatazwa kuongea siku hiyo.

Nikauliza kwa nini alifanya hivyo. Akatazama pembeni. Akasema ile Jumapili alikuwa anapiga pasi, redio ya jirani ikataja jina lake. Alisikia salamu yote, hadi mwisho, pale nilipomwambia kwamba bila yeye Malaba ni foleni ya malori tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba niliandika hivyo. Yeye ameshika neno kwa neno, na bila betri yoyote. Nilijikuta natokwa na machozi pale nyuma ya kanisa, mtu mzima, na suti ya kuazima.

Kisha akacheka, ule mwanya, nami nikasahau nilikuwa naelekea wapi. Aliniambia habari hii ataihifadhi. Atawasimulia watoto wetu, na wajukuu, na kila nitakapojifanya mjanja atahesabu moja, mbili, tatu. Nikasema sawa. Akanitaka niahidi kwamba ile kompyuta haitaingia tena nyumbani kwa baba yake. Nimeahidi kwa moyo wote, mkono kifuani.

Jumatano, 25 Januari

Siku imepangwa. Jumamosi tunapeleka mifugo, na mbuzi wa faini akiwa mbele. Baba mdogo amenisamehe kwa sharti kwamba mbuzi atoke kwangu na jogoo mpya pia. Muzafaru amesikia yote. Hakucheka hata kidogo, alinikumbatia, akanipa betri nne mpya za harusi. Ni rafiki wa kweli, ingawa bado nadhani anatafuta mteja.

Leo foleni ya malori ilikuwa ndefu, na Mungu hamtupi mja wake. Dereva mwingine alikuwa na kompyuta mbili! Mpya, ndani ya maboksi. Nimempa tandiko la baiskeli na suruali moja nzuri. Ahadi kwa Anyait ilihusu ile kompyuta. Hizi si ile.

Ya kwanza nitaitumia mimi, kukumbuka yale ambayo ya zamani iliyasahau. Ya pili ni zawadi ya Mzee Emojong, ili asibishane tena na ndugu yake. Nimeitia betri za Muzafaru, nikaandika 14, nikabonyeza M ya kujumlisha. Nikajaribu MR mara tatu, maana sasa mimi si mzembe. 14, 14, 14! Hata mama Alaso atafurahi.

Nimeifunga vizuri kwa karatasi yenye maua na utepe. Betri nimezitoa kwanza nikazifunga kando, zisije zikaisha njiani.